Aliyefubaza virusi naye apimwe figo

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie figo za watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mtaani yanasemwa mambo mawili kuhusu jambo hili, na yote mawili yanaumiza watu. Wapo wanaosema ARV zinaua figo, na anayesikia hivyo anaacha kumeza. Wapo pia, wakiwemo baadhi ya watoa huduma wenzetu, wanaoamini kwamba maadamu kipimo cha wingi wa virusi kimerudi kizuri, mgonjwa hana shida: apewe dawa za miezi sita, arudi siku yake ikifika. Hao wa pili ndio waliotufanya tuandike, lakini wa kwanza nao lazima wajibiwe.

Virusi vyenyewe hushambulia figo. Huingia kwenye seli za chujio, chujio linapata makovu, protini inavuja kwenye mkojo, na asiyetumia dawa anaweza kufikia kusafishwa damu akiwa bado kijana. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa kimataifa ulioitwa SMART, wenye washiriki 5,472. Kundi moja liliendelea kumeza dawa kila siku, jingine lilisimamisha mpaka CD4, yaani seli za kinga ya mwili, zishuke ndipo lianze tena. Waliosimamisha walikufa wengi zaidi, na waliugua zaidi moyo, ini na figo. Anayeacha dawa ili aokoe figo anaziweka kwenye hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia. Dawa ikisumbua figo, hubadilishwa. Haiachwi.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Kidonge cha TLD, kinachotumiwa na watu wazima wengi nchini tangu mabadiliko ya mwaka 2019, kimebeba dawa tatu: tenofovia miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegravia miligramu 50. Inayoweza kudhuru figo ni tenofovia. Ni dawa nzuri, inamezwa mara moja kwa siku, inatibu pia homa ya ini aina ya B, na wengi wanaitumia kwa miaka mingi bila tatizo. Lakini njia yake ya kutoka mwilini ni figo. Seli za mirija midogo ya figo huivuta kutoka kwenye damu kwa mlango mmoja, kisha huisukuma kwenye mkojo kwa mlango mwingine. Ikiingia kwa kasi kuliko inavyotoka, inarundikana ndani ya seli na kuharibu mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vinavyoipa seli nguvu. Seli iliyokosa nguvu haiwezi kurudisha kwenye damu vitu ambavyo mwili bado unavihitaji. Sukari, fosfeti, protini ndogo na bikabonati vinapotea na mkojo.

Ndiyo maana madhara haya mara nyingi hayaanzi na uvimbe wa miguu au mkojo kupungua, kama watu wanavyotarajia ugonjwa wa figo uwe. Mkojo unaweza hata kuongezeka, mtu akaamka usiku mara tatu na kiu haishi. Fosfeti ikipotea kwa miezi, mifupa inalegea. Mgonjwa analalamika mbavu, nyonga, nyayo, na misuli ya mapaja inakosa nguvu hadi kuinuka kwenye kigoda ni kazi. Kazini ataambiwa ni uzee, au ni gauti, au amelalia vibaya. Na hapo ndipo mkasa unapokamilika, kwa sababu maumivu hayo yanampeleka duka la dawa, na duka la dawa linampa diklofenaki.

Tungependa msomaji akae na hilo kidogo. Figo hupokea damu kupitia mshipa mdogo unaotakiwa kubaki wazi, na mwili hutumia kemikali zinazoitwa prostaglandini kuuweka wazi, hasa mtu anapokuwa amepungukiwa maji au ana umri mkubwa. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na ndugu zao huondoa maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo. Mshipa unabana, damu inapungua, na tenofovia iliyokuwa ikitoka taratibu inakwama. Figo ambayo ingevumilia tenofovia peke yake inaweza kuzidiwa ndani ya siku chache za sindano au vidonge vya diklofenaki, hasa kama mtu anaharisha au ameshinda juani shambani bila maji ya kutosha. Kwa hiyo dawa inayonunuliwa kutuliza maumivu yaliyosababishwa na figo ndiyo inayokuja kuzimaliza. Anayetumia tenofovia akiumwa kichwa au mgongo, parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza. Na maumivu ya mifupa yasiyoisha kwa wiki mbili yapelekwe kliniki, si dukani.

Wengine wa kuangaliwa ni wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, waliovuka miaka 50, wenye uzito mdogo, na walio kwenye mstari wa pili wa dawa wanaomeza atazanavia au lopinavia pamoja na ritonavia. Mchanganyiko huo hupandisha kiwango cha tenofovia kwenye damu, na atazanavia yenyewe inaweza kuganda na kuwa mawe ya figo. Sindano za gentamaisini pia zinaumiza mirija ileile. Kuhusu dawa za asili, ombi letu ni moja tu: mweleze mtoa huduma unachokunywa, kwani huwezi kusaidiwa kwa kitu ambacho hakikutajwa.

Jambo linalotusumbua zaidi ni namna kipimo cha figo kinavyosomwa pale kinapofanyika. Damu inachukuliwa, maabara inaandika kreatinini 98, karatasi inasema kiwango cha kawaida mwisho 106, daktari anaandika "figo sawa", na faili linafungwa. Lakini kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mwenye misuli mingi huzalisha nyingi, aliyekonda huzalisha kidogo. Namba hiyo peke yake haisemi figo zinachuja kiasi gani mpaka uiunganishe na umri, uzito na jinsia.

Hesabu yake ilitengenezwa mwaka 1976 na Cockcroft na Gault, na kipimo cha dozi za tenofovia kilijengwa juu yake. Toa umri wa mgonjwa kwenye 140. Zidisha kwa uzito wake wa kilo. Zidisha tena kwa 1.23 kama ni mwanamume au 1.04 kama ni mwanamke. Gawa kwa kreatinini iliyoandikwa kwa mikromoli kwa lita. Kama maabara yako inaandika kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza namba yao kwa 88.4. Jibu utakalopata ni mililita ambazo figo zinasafisha kwa dakika moja.

Chukua kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye kilo 75 na kreatinini 98. Anatoka na karibu 103. Hana shida. Sasa chukua mama wa miaka 58 mwenye kilo 52 na kreatinini ileile 98. Anatoka na 45. Karatasi mbili za maabara zinafanana kabisa, lakini mama huyu ameshashuka chini ya 50, mahali ambapo tenofovia ya TLD haitakiwi kuendelea kumezwa kila siku. Akirudishwa nyumbani na makopo ya miezi sita kwa sababu "figo sawa", tumemwongezea mzigo kwa mikono yetu. Mizani ipo pale mlangoni kila siku ya kliniki. Umri uko kwenye kadi. Kinachokosekana ni dakika moja ya kikokotoo cha simu. (Kwa mtu mnene sana hesabu hii huonyesha figo bora kuliko zilivyo, basi apimwe kwa tahadhari na kwa kulinganisha na majibu yake ya nyuma.)

Tunajua swali linalofuata: mbona Shirika la Afya Duniani halijalazimisha kipimo hiki kwa kila mtu? Ni kweli, na kulikuwa na sababu njema. Utafiti wa DART, uliofanyika Uganda na Zimbabwe kwa watu 3,316 na kufuatilia kwa takribani miaka 5, ulionyesha kwamba dawa zinaweza kutolewa salama hata mahali pasipo na vipimo vya mara kwa mara vya madhara. Kama pangesubiriwa mashine ya kreatinini katika kila zahanati, watu wengi wangekufa wakisubiri. Msimamo huo uliokoa maisha, na hatuombi uvunjwe: asiye na kipimo cha kreatinini karibu naye aanzishiwe dawa leo.

Ila washiriki wengi wa DART walikuwa na miaka 30 na kitu. Hapa kwetu ARV za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Mama aliyeanza enzi hizo akiwa na miaka 38 leo amefikisha karibu 60, wengi wa rika lake wana vidonge vya presha pembeni, baadhi wana kisukari, na ratiba ya kliniki imemwondoa machoni mwetu kwa miezi mingi kwa sababu anafanya vizuri. Kigezo cha kupewa dawa za muda mrefu ni virusi kufubazwa. Ni kigezo sahihi kwa virusi, lakini figo hazimo.

Pendekezo letu halihitaji safari mpya wala foleni mpya. Aliyefubaza virusi huchukuliwa damu ya wingi wa virusi mara moja kwa mwaka. Damu hiyo huingia kwenye kichupa chenye kofia ya zambarau. Siku hiyohiyo, kwa sindano hiyohiyo, ijazwe mililita 4 kwenye kichupa chenye kofia nyekundu kwa ajili ya kreatinini, na mgonjwa apewe kikopo cha mkojo. Wenye presha, kisukari, umri zaidi ya 50 au uzito chini ya kilo 50 wafanyiwe hivyo kila miezi sita, yaani kila wanapokuja kuchukua dawa. Jibu lihesabiwe na namba ya mililita kwa dakika iandikwe kwenye kadi, pembeni ya wingi wa virusi, ili mwaka kesho ionekane imepanda au imeshuka. Kushuka kutoka 95 hadi 66 ni habari kubwa hata kama 66 yenyewe haitishi.

Mkojo usipuuzwe kwa sababu ni kipimo cha bei nafuu. Kijiti kinachoonyesha sukari kwenye mkojo wa mtu ambaye sukari ya damu yake ni ya kawaida ni ishara ya mirija iliyoumia, na huweza kuonekana kabla kreatinini haijapanda. Protini nayo iandikwe, lakini kwa kuelewa mipaka: kijiti kinaona vizuri albumini inayovuja kwenye chujio, na kinaona vibaya zile protini ndogo za mirija, kwa hiyo jibu la "hakuna protini" halimalizi shauri kwa mgonjwa anayelalamika mifupa. Hedhi na maambukizi ya njia ya mkojo huchafua majibu. Na makopo ya vijiti yafungwe mara baada ya kutoa kimoja. Kwenye unyevu wa Pwani, kopo lililoachwa wazi asubuhi nzima litatoa rangi za uongo, na rangi isomwe kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, si baada ya kumhudumia mgonjwa wa pili.

Kuna kengele moja ya uongo ambayo lazima tuitaje, maana tusipoitaja tutasababisha watu kuondolewa kwenye dawa nzuri bure. Dolutegravia huziba njia moja ambayo figo hutumia kutupa kreatinini. Ndani ya wiki nne za mwanzo kreatinini hupanda kidogo, kwa kawaida mikromoli 10 hadi 15, kisha husimama hapo. Figo hazijaumia, uchujaji uko palepale, ni taka tu imechelewa kutoka. Septrini nayo hufanya hivyohivyo kwa sababu ya trimethoprimu iliyomo. Namna ya kutofautisha si ngumu: pima kabla ya kuanza, pima tena baada ya wiki nne, na hilo jibu la pili ndilo liwe msingi wa kulinganisha. Ikiendelea kupanda baada ya hapo, au mkojo ukionyesha sukari au protini, si dolutegravia tena. Pia mlo mkubwa wa nyama saa chache kabla ya kipimo hupandisha namba, na unga wa kreatini wanaotumia vijana wa mazoezi ya misuli huipandisha zaidi.

Namba ya mililita kwa dakika ikija chini ya 60, mgonjwa asiogopeshwe wala asirudishwe nyumbani na dawa za miezi sita. Aulizwe alichomeza mwezi uliopita, apimwe presha na sukari, anywe maji, aache dawa za maumivu, arudie kipimo baada ya wiki moja au mbili. Ikibaki kati ya 50 na 60, afuatiliwe kila miezi mitatu. Ikithibitika chini ya 50, tenofovia ibadilishwe. Kidonge cha TLD kisikatwe nusu wala kisirukwe siku, kwani dawa zote tatu zimo humo, na anayeruka siku anapunguza na dolutegravia inayoshikilia virusi. Njia ya kawaida ni abakavia na lamivudini pamoja na dolutegravia. Anayeanza abakavia aambiwe wazi: ukipata homa, vipele na kutapika kwa pamoja ndani ya wiki sita za mwanzo, rudi kliniki siku hiyohiyo, na ikithibitika ni mzio usiguse tena dawa hiyo maisha yako yote. Mahali ilipo aina mpya ya tenofovia, inayofupishwa TAF, nayo inafaa hadi mililita 30 kwa dakika. Dozi yake ni miligramu 25 tu na inaacha tenofovia kidogo sana kwenye damu.

Kabla ya kubadilisha, kipimo cha homa ya ini aina ya B lazima kiwepo kwenye faili. Hapa makosa yanafanyika kwa nia njema kabisa. Mwenye virusi vya homa ya ini B anatibiwa magonjwa mawili na kidonge kimoja bila yeye kujua. Ukimwondolea tenofovia na kumwachia abakavia na lamivudini, virusi vya ini vinaamka, kwa sababu lamivudini peke yake haivizuii kwa muda mrefu. Unaokoa figo na kuchoma ini. Huyo anahitaji TAF, au tenofovia yenye dozi iliyotenganishwa kwa siku chini ya uangalizi wa daktari, au dawa nyingine ya ini ikiongezwa.

Na mwenye kisukari anayetumia metfomini pamoja na dolutegravia asizidishe miligramu 1,000 za metfomini kwa siku, kwa sababu dolutegravia inaiacha irundikane. Figo zikishuka chini ya 30, metfomini isimamishwe na kisukari kitibiwe kwa dawa nyingine. Kliniki ya kisukari na CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya wenye virusi vya UKIMWI, mara nyingi ziko jengo moja, na mafaili yao hayajawahi kukutana.

Kwa wenye maduka ya dawa muhimu tuna ombi dogo. Kabla ya kutoa diklofenaki kwa mtu mzima, muulize kwa sauti ya chini: "Kuna dawa unayotumia kila siku?" Usimtaje ugonjwa, usimuulize ni dawa gani kama hataki. Akisema ndiyo, mpe parasetamoli na umwambie akaonane na aliyempa hiyo dawa ya kila siku. Swali hilo linamlinda pia mwenye presha, mwenye homa ya ini B anayemeza tenofovia peke yake, na kijana anayetumia PrEP, yaani dawa za kujikinga asiambukizwe virusi vya UKIMWI, kwani tenofovia ni ileile.

Nawe unayekwenda kliniki mwezi huu, sema maneno haya pale dirishani, na ukisahau mwonyeshe mtoa huduma gazeti: naomba nipimwe kreatinini na mkojo, nihesabiwe kwa umri na uzito wangu wa leo, na namba iandikwe kwenye kadi yangu.

Wafamasia wawili wa huduma za CTC,
Morogoro